Mama Pindo na Neno Ridhaa

“Wewe ni fundi wa nguo, dada. Hakuna aliyekuomba uhesabu miaka ya watu,” mdogo wake alisema, na mkono wake ulikuwa umeshakamata kitasa cha kabati.

“Vuta tu,” Mama Pindo alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa akilitia vifungo. “Kikikubakia mkononi, kivishe shela ukakioze.”

“Nipe ufunguo.”

“Uko mahali ambapo ndugu wa kiume hapeleki mkono.” Akajigonga kifuani kwa kidole chenye subana, kile kikofia cha bati kinachozuia sindano isimtoboe, na kweli, mle ndani chuma kikagonga chuma.

Mdogo wake akaachia kitasa kama kimempiga shoti. Alikuwa mwanamume mpana, fundi rangi wa nyumba, mwenye madoa meupe kwenye nyusi ambayo hayakutoka hata siku za sherehe. Mbele ya mafundi wenzake alikuwa simba. Mbele ya dada yake alirudi kuwa yule mtoto aliyebebwa mgongoni mpaka akaanza kuota ndevu, kama watu wanavyopenda kuongeza chumvi.

Ndani ya kabati lilining’inia gauni la harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Na mwenye kuvaa gauni alikuwa palepale, amekaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, miguu mirefu imekunjwa kama ya panzi, anatafuna kucha: binti pekee wa yule fundi rangi, miaka kumi na mitano, na hiyo kumi na mitano yenyewe ilikuwa bado mbichi.

“Nitanunua jingine dukani,” baba mtu alisema.

“Nunua. Dukani wanauza magauni, hawauzi miaka. Na kabla hujafika nalo nyumbani, mimi nitakuwa nimeshavuka barabara, niko kwa wakili.”

“Ukinishtaki, dada, sina dada.”

Hapo sindano ya Mama Pindo ikasita. Wazazi wao walikuwa wameshatangulia wote, na duniani hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Akapitisha uzi kwenye tundu la kifungo.

“Basi nitakuwa fundi tu, kama ulivyosema,” akajibu. “Lakini kwa wakili nitakwenda.”

Sasa, anayetaka kumjua Mama Pindo aanze na lile jina. Hakupewa na mzazi wala mume. Alipewa na sketi za shule. Mwanamke huyu alikuwa haamini nguo ya mtoto isiyo na pindo. Kila sketi iliyotoka kwenye cherehani yake ilikunjwa chini mara mbili, mara tatu, ili mtoto akirefuka pindo lifumuliwe na sketi ishuke naye. Mapindo yake yalikuwa mazito hivi kwamba watoto wakikimbia yanawapiga ngoma kwenye magoti. Yuko msichana mmoja, inasemekana, alianza darasa la kwanza na sketi ya Mama Pindo, akamaliza nayo shule, akaolewa, akazaa, na sasa mwanawe anaivaa hiyohiyo, na pindo bado halijaisha. Asiyeamini akamwulize mwenye sketi.

Kazi ile hakufundishwa na mtu. Mume wake alipofariki alimwachia cherehani ya kukanyaga kwa miguu na suruali saba. Akazifumua zote saba mpaka zikawa vipande, akazishona upya, akafumua, akashona, na ile ya saba ilipokubali kusimama yenyewe kama ina mtu ndani, akafungua duka. Chumba kimoja, pazia mlangoni badala ya mlango mchana, kioo kirefu chenye ufa uliogawa wateja kiunoni, na harufu ya pasi na mafuta ya mashine. Akapima watu wa kila namna. Alikuja mnene mmoja, futi ikamzunguka ikaishia njiani. Mama Pindo akamwambia ashike ncha, akaondoka kwenda kumzunguka, na aliporudi alikuwa na habari za upande wa pili.

Lakini mzaha wake haukuwahi kumdhuru mtu. Mwenye bega moja juu na jingine chini alitoka dukani amenyooka, kwa sababu Mama Pindo alificha pamba kwenye bega la chini na mdomo wake akaushona pia. Mtaa mzima ulivaa siri zilizotunzwa na mwanamke mmoja.

Wakili alimpata kwa ajili ya joho. Kijana mwembamba, ofisi yake iko ng’ambo ya barabara juu ya duka la dawa, alikuja siku moja kabla ya kusimama mahakamani mara ya kwanza, joho linamfagilia njia. Mama Pindo akalipunguza akisubiri, akamwachia pindo. “Bado utakua, mwanangu,” akamwambia. Wakili akacheka, na kuanzia siku hiyo chai yake ya saa nne akawa anainywea pale kando ya cherehani.

Ndipo siku moja akamsikia akiongea kwenye simu. Maneno yote ya sheria yalimpita Mama Pindo kama magari ya watu wengine, isipokuwa hili moja: umri wa ridhaa. Lilimkaa. Lilikuwa na sauti ya kitambaa kizuri kinapochanwa. Hakuuliza maana, kwa sababu aliona maana ipo wazi kama jua: kuridhika si ndiyo huko huko? Umri wa ridhaa, kwa hesabu yake, ni umri ambao mtu ameridhika na alichonacho, hadai, haonei wivu, amekunja jamvi la tamaa.

Naye alikuwa anatimiza miaka sitini. Majirani walipomkusanyikia na soda zao, akasimama juu ya kigoda akasema kwa sauti ya kutangaza matanga na harusi kwa pamoja, “Ndugu zangu, leo nimefika umri wa ridhaa.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mzima mmoja akafuta machozi, akasema hajawahi kusikia uzee ukipewa jina tamu hivyo.

Neno likatoka dukani likaanza kutembea lenyewe. Wazee wakawa wanaruka foleni ya maji: “Nipisheni, nimefika umri wa ridhaa.” Mke akimwuliza mumewe kwa nini haendi tena kutafuta kazi ya pili, anajibiwa umri wa ridhaa umemkuta. Na fundi viatu wa pale kona, mzee wa miaka sabini na meno matano, akaona asibaki nyuma. Akachukua chaki akaandika kwenye sanduku lake la brashi, herufi kubwakubwa zinazoonekana toka barabarani: HAPA TUMEFIKA UMRI WA RIDHAA. KARIBUNI.

Wakili akapita pale. Akasoma. Akarudi nyuma hatua chache, akasoma tena, akaingia kwa Mama Pindo amebeba uso wa mtu aliyeona mbuzi anaendesha baiskeli.

“Mama, yule mzee ameandika nini pale?”

“Ameandika ukweli wake. Neno nimempa mimi, na mimi nimelitoa kwako.”

Chai ikampalia wakili. Alipopata pumzi ikabidi amweleze, na alimweleza akitazama sakafu, kwa sababu mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa na umri wa mama yake mzazi.

“Hilo ni neno la mahakamani, mama. Ni umri ambao sheria inaanza kuisikia ndiyo ya mtu, kwenye yale mambo ya mtu mzima na mtu mzima. Hapa kwetu ni miaka kumi na minane. Kabla ya hapo, mtoto hata aseme ndiyo mara mia, sheria imeziba masikio. Inahesabu kwamba hakusema kitu. Anayeulizwa ni yule mtu mzima.”

“Na baba yake akisema ndiyo kwa niaba yake?”

“Ya baba haimo kabisa.”

“Ya mama?”

“Haimo.”

“Ya shangazi, je? Shangazi ana mdomo mkubwa.”

“Haimo ya mtu yeyote, mama. Na harusi haifuti kitu, maana kwetu umri wa kuolewa nao ni huohuo. Ziko nchi ambako umri wa ridhaa ni mwingine na wa kuolewa ni mwingine. Kwetu vimekaa pamoja.”

Mama Pindo akatia uzi kwenye sindano. Kisha akauliza taratibu, “Kwa hiyo fundi viatu amewakaribisha watu kwenye nini pale barabarani?”

Wakacheka mpaka wakili akalala juu ya marobota ya kitambaa. Halafu Mama Pindo akachukua kitambaa kibichi, akavuka, akafuta sanduku la watu bila kusema hodi.

Mwingine angeishia hapo, aone haya, aombe mtaa usahau. Yeye alifunga duka siku nzima. Akaenda nyumba kwa nyumba kulirudisha lile neno, kama fundi aliyegundua amewauzia watu nguo iliyokatwa vibaya. Kwenye foleni ya maji, saluni, kwa kinyozi, kila mahali alikolipanda alilifumua na kulishona upya. “Nilikosea jamani, nichekeni nikimaliza. Sio neno la wazee. Ni neno la watoto.” Walimcheka kweli. Lakini baada ya hapo hapakuwa na mtaa mwingine ambao muuza maji na msusi walijua kwa ufasaha kama ule kwamba ndiyo ya mtoto si ndiyo. Wanaume wawili watatu waliokuwa na tabia ya kusimama karibu na geti la shule wakajikuta kila mama anayepita anawasalimia kwa sauti, kwa majina, na kuwauliza habari za wake zao. Wakaacha kusimama.

Mtu pekee ambaye hakumfikia siku ile alikuwa mdogo wake mwenyewe. Hakuwepo. Alikuwa mbali, juu ya ngazi, akipaka rangi nyumba ya ghorofa.

Nyumba ile ilikuwa ya Bwana Malori. Jina lake halisi lilishasahaulika. Malori yake yalikuwa mengi, na yeye mwenyewe aliingia mahali kama lori linavyoingia, watu wanajibana ukutani. Fundi rangi alimaliza ukumbi, akamaliza ngazi, na binti yake akawa anampelekea chakula cha mchana. Hapo ndipo Bwana Malori alipomwona. Akamwambia fundi apake chumba cha juu rangi ya waridi, cha mke mpya atakayekuja. Baba mtu akapaka kwa mkono wake, mipako miwili, akasifiwa kwa kutoacha alama ya brashi. Rangi ilipokauka ndipo akaambiwa mke mwenyewe ni nani. Akababaika, akafurahi, akaona heshima imeshuka kwake kutoka mbinguni, akatoa neno lake.

Kwa dada yake akaja na kitambaa cheupe na maneno yaliyopinda. “Binti atakuwa mpambe kwenye harusi ya watu. Wapambe wote wanavaa hivihivi. Chini uweke lesi.”

Lesi ndiyo iliyomponza mdogo wake. Gauni lililomalizikia kwa lesi halikunjwi, na hiyo ikawa nguo ya kwanza ya mtoto kutoka mikononi mwa Mama Pindo bila pindo. Akampima binti, akakata, akashona. Binti alipokuja kujaribu, gauni liligusa kiatu sawasawa. Aliporudi baadaye kujaribu tena mikono, lesi ilikuwa inaelea juu ya vifundo vya miguu.

Mama Pindo akailaumu futi. Akailinganisha na futi ya zamani. Futi haikuwa na hatia. Akakilaumu kitambaa kwamba kimesinyaa, akakilaumu kioo chenye ufa, akalaumu nondo wanaokula nguo kutokea chini.

“Shangazi, sio gauni,” binti akasema. “Ni mimi. Kila siku narefuka, hata kitanda kimenikataa.” Kisha, kwa sababu mtoto hajui kufunga mdomo penye pini nyingi, akaongeza, “Itakuwaje Jumamosi? Bibi harusi hawezi kuonyesha miguu.”

Pini zote zilizokuwa mdomoni mwa Mama Pindo zikadondoka sakafuni. Hakupiga kelele. Akamvua lile gauni polepole, kipande kwa kipande, kama anayemvua mtoto nguo zilizolowa mvua. Akalitundika kabatini, akafunga, akautia ufunguo kifuani, akatuma mdogo wake aitwe.

Ndiyo sababu walikuwa pale, wote watatu, na shati la mtu wa nne linatiwa vifungo.

“Nisikilize vizuri, dada,” baba mtu alisema, sasa kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. “Mimi ndiye mzazi. Radhi zangu zote nimempa. Radhi, ridhaa, si baba mmoja mama mmoja?”

“Ni ndugu, ndiyo. Lakini hawalali nyumba moja. Radhi ni zako wewe, mpe ukiwa macho, mpe ukiwa usingizini. Ridhaa ni yake mwenyewe. Huwezi kumtolea, kama usivyoweza kumpigia chafya. Na hiyo yake bado haijafika, hata barabarani haijaonekana.”

“Sasa kama ni yangu,” binti akadakia kutoka kwenye kigoda, “mbona mnagombana juu ya mdomo wangu kama sina mdomo? Mimi nimeshasema ndiyo. Baba aliniuliza, nikasema ndiyo. Shangazi, mdomo wangu umeufunga kabatini na gauni?”

Baba mtu akamnyooshea dada yake kiganja wazi, kama mtu aliyetupa karata ya mwisho.

Mama Pindo akaweka shati chini. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, yeye na binti.

“Mdomo unao, mwanangu, na kwa upande huo umerithi kwangu. Hakuna anayeufunga. Lakini sikiliza. Wewe ukisema ndiyo leo, kesho mambo yakiharibika, mtu mzima atasimama mbele ya hakimu aseme, ‘Alikubali mwenyewe.’ Anajificha nyuma yako, mtu na ndevu zake, nyuma ya mtoto. Sheria ikasema hapana, hapo nyuma hapana mahali pa kujificha. Haikukunyima ndiyo yako. Imewanyima wao.”

Binti akatazama vidole vyake. Kucha zilikuwa zimeisha.

“Haya,” shangazi akaendelea, “mimi si hakimu, sikutishi. Niambie tu kama tunavyoambiana tukisuka. Kwa nini ulisema ndiyo? Unampenda?”

“Ananiamkia vizuri.”

“Hata kasuku anaamkia vizuri.”

Huko nje mtu aliburuta mkokoteni. Binti akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

“Ni sehemu,” akasema.

“Sehemu gani?”

“Hesabu za sehemu, shangazi. Moja ya tatu kujumlisha mbili ya tano. Zimenishinda. Mwalimu amesema nitarudia darasa, nikae na watoto wadogo, na mimi nilivyo mrefu hivi, magoti hayaingii kwenye dawati. Baba aliponiuliza nikaona, nikiolewa, sitarudi tena pale.”

Mama Pindo alitaka kucheka, na ndani ya kicheko kile palikuwa na kilio. Akamtazama mdogo wake.

Fundi rangi alikuwa amekaa juu ya robota la kitambaa, bila kukaribishwa. Mikono ilikuwa imemlegea katikati ya magoti. Mtu yule alikuwa amebeba kifuani picha ya binti aliyekua, aliyechagua, aliyeinamisha macho kwa haya ya mchumba. Sasa mbele yake alikuwepo mtoto anayekimbia dawati.

“Hukuniambia habari za sehemu,” akasema.

“Hukuniuliza, baba. Uliuliza tu kama nimekubali.”

“Ningekutafutia mtu wa kukufundisha.”

“Sikujua.”

“Mimi mwenyewe ninazijua hizo,” alisema. “Rangi tunachanganya kwa sehemu. Moja ya nyeupe, tatu za buluu. Kila siku nachanganya. Ningekuonyesha kwa makopo.” Akajifuta uso kwa mkono wenye rangi, doa jingine likabaki shavuni. “Nimempakia chumba. Dada, nimekipaka kwa mkono wangu.”

“Najua.”

“Mipako miwili.”

“Najua, mdogo wangu.”

Hakumwambia, “Nilikuambia.” Wapo wanaoshinda ugomvi wakakaa juu ya aliyeshindwa kama juu ya mkeka. Mama Pindo alinyanyuka, akammiminia maji kwenye kikombe cha wakili, akamshikisha mkononi, akamfunga vidole kimoja kimoja mpaka akashika.

“Nimetoa neno,” mdogo wake akasema akiwa anatazama kikombe. “Watu wameshaalikwa. Mtaa mzima wa kule kwake unajua. Nitamfuata Bwana Malori nimwambie nini? Nitasimama mbele yake, mimi ninayepanda ngazi zake, nimwambie kwamba—”

Pazia la mlangoni likafunguka kwa mkono mmoja. Bwana Malori aliingia amebeba boksi la viatu vyeupe kwapani na tabasamu la mwenye mali, na chumba kikawa kidogo ghafla.

“Hodi, baba mkwe,” alisema, akimwita hivyo mtu wa rika lake, ambaye walinyolewa na kinyozi mmoja tangu wakiwa na nywele zote. “Nimesikia jina langu toka nje. Umwambie nani kwamba nini?”

Binti alirudisha miguu yake chini ya kigoda. Fundi rangi akaweka kikombe sakafuni, akanyanyuka, akatembea mpaka akasimama katikati ya binti yake na viatu vile.